Unda saa yako, ila usiibandike jina lisilo lake

Mama yule alikuja na saa ameifunga kwenye ncha ya khanga. Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, na nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi saa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye kwa miaka minne sasa amekubali niwe mwanafunzi wake wa mwisho wa wiki. Mama alisalimia, akapewa kigoda, akafungua fundo. Saa ilikuwa ya marehemu mumewe. Kwenye uso wake mweusi kulikuwa na taji dogo na jina ambalo hata asiyevaa saa analifahamu: Rolex. Shemeji zake walikuwa wamemwambia saa ya namna hiyo inaweza kununua gari. Alitaka isafishwe, kisha aelekezwe kwa mnunuzi mwaminifu, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na ada ilikuwa haijatimia.

Fundi alivaa lenzi jichoni, akaipindua saa, akafungua mfuniko wa nyuma. Alitazama ndani kwa muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji. Nami kutoka pembeni niliona alichokiona: mashine ya bei nafuu kutoka China, safi, imetiwa mafuta vizuri, imefungwa kwa uangalifu na mtu anayejua kushika bisibisi. Ilikuwa inatembea bila kasoro. "Mama," alisema, akaitua saa juu ya kitambaa, "saa hii ni nzima. Inakwenda sawasawa. Ila siyo hiyo iliyoandikwa hapa."

Mama alinyamaza. Kisha akatueleza kwamba marehemu alikuwa na kisanduku cha vibano na bisibisi ndogo ndogo, na usiku watoto wakishalala alikaa mezani na taa yake. "Nilidhani anairekebisha," alisema. "Kumbe alikuwa anaiunda."

Marehemu hakuwa tapeli. Hakuna aliyemuuzia saa ile, wala hakuwa na mpango wa kumuuzia mtu. Alipenda saa, akaagiza kasha, uso, mishale na mashine, akaviunganisha kwa mikono yake, na kazi yake ilikuwa nzuri. Lakini uso aliouchagua ulikuwa na jina la watu wengine, na yeye alipoondoka duniani jina lile lilibaki likisema uongo ambao hakuwepo kuukanusha. Tangu siku ile nina neno kwa wenzangu tunaounda saa za mtindo wa zamani, na nitalisema waziwazi: umbo iga upendavyo, jina liache kwa mwenyewe.

Kwa msomaji asiyejua jambo hili, nieleze. Wapo watu, na wanaongezeka, ambao hawanunui saa iliyokamilika. Wananunua viungo. Mlango ambao wengi wetu tumeingilia ni saa ya kuzamia ya Seiko iitwayo SKX007, iliyotoka mwaka 1996, ngumu, nzito, yenye uwezo wa kuhimili shinikizo la maji la mita 200. Watu waligundua kwamba inafunguka kirahisi, na viwanda vidogo, vingi vikiwa Asia, vikaanza kutengeneza vioo, pete, nyuso na mishale ya kubadilishia. Saa yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2019 hivi, lakini biashara ya viungo iliendelea kukua. Leo unaweza kuunda saa nzima bila kuwa na SKX hata moja, kwa sababu kampuni ile ile ya Kijapani huuza mashine peke yake. Inayotumika zaidi inaitwa NH35. Ina vito 24, inapiga mara 21,600 kwa saa, na ikijaa ufunguo hutembea saa 41 kabla ya kusimama. Kiwanda chenyewe kinasema inaweza kuchelewa sekunde 20 au kuwahi sekunde 40 kwa siku. Mashine hii haijidai. Hufanya kazi kama mkulima, kila siku, bila mbwembwe, na ikiharibika unanunua nyingine kwa bei isiyofika dola 60.

Kwangu ilianza na saa ya baba. Ilikuwa Seiko 5, ukoo wa saa ulioanza mwaka 1963, na ami yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat ndiye aliyemletea. Siku za wiki zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, unachagua unayotaka. Nilipoirithi kioo kilikuwa kimepasuka, mishale imeota kutu, na uso umevimba kwa unyevu wa Tanga. Nilimpelekea fundi. Akaniambia uso wa asili haupatikani, lakini upo unaofanana nao. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama saa ya baba ikibadilishwa uso bado ni ya baba. Nikarudi nikamwambia abadilishe, ila ule wa zamani anipe. Ninao hadi leo kwenye kikopo cha filamu ya kamera, pamoja na mishale yake.

Hapo ndipo nilipotaka kujifunza mwenyewe.

Kazi yenyewe ni ndogo kwa vipimo na kubwa kwa subira. Uso wa kawaida wa saa hizi una kipenyo cha milimita 28.5. Nyuma yake kuna vijiguu viwili vinavyoingia kwenye matundu ya mashine, na lazima ujue kitufe cha kutilia ufunguo kitakaa wapi kwenye kasha kabla hujanunua uso, kwa sababu SKX ina kitufe chake karibu na pale penye nne, ilhali makasha mengine yanacho penye tatu. Ukikosea, maandishi yatakaa upande kama picha iliyoangikwa vibaya ukutani. Tundu la mshale wa saa ni milimita 1.5, la mshale wa dakika ni 0.9, la mshale wa sekunde ni 0.2. Mashine mashuhuri ya Uswisi, ETA 2824, ina vipimo hivyo hivyo kwa mishale miwili ya kwanza, lakini wa sekunde ni 0.25. Tofauti ya sehemu tano za mia za milimita! Nimewahi kununua mishale mizuri ya buluu bila kusoma kipimo hicho, nikaona mshale wa sekunde unazunguka kwa ulegevu kisha unaanguka juu ya uso na kuukwaruza. Fundi hakunigombeza. Alinipa kibano akaniambia, "Mwanangu, soma kwanza, ndipo ushike."

Kabla ya kuweka mishale unazungusha kitufe polepole hadi tarehe iruke. Hapo ni usiku wa manane wa mashine, na mishale yote huelekezwa juu kabisa, ikikaa sambamba bila kugusana. Ukiharakisha, tarehe itabadilika saa kumi jioni maisha yake yote. Kisha kuna kijiti cha kitufe, ambacho huja kirefu na lazima ukikate kulingana na kasha lako. Unakata kidogo, unapiga tupa kidogo, unajaribu, unatoa, unapiga tupa tena. Ukikata sana hakirudi. Na muda wote huo adui ni vumbi. Chembe moja isiyoonekana mezani huwa jiwe ukishafunga kioo, imekaa katikati ya uso mweusi ikikutazama. Mimi hufanya kazi hii alfajiri, feni ikiwa imezimwa, sakafu ikiwa imepigwa deki usiku uliotangulia.

Nimekaa hapa kwa urefu makusudi. Anayesema kuunda saa ni mchezo wa kubandika tu hajawahi kuusukuma mshale wa sekunde kwenye ncha nyembamba kama ya sindano. Ni ufundi, na humfundisha mtu jinsi kitu kinavyofanya kazi katika wakati ambapo vitu vingi tunavyomiliki vimegundishwa kwa gundi ili tusivifungue.

Sasa suala la kuiga. Wapo wasafi wa roho wanaosema saa yoyote inayofanana na ya kampuni kubwa ni wizi. Siwaungi mkono. Chukua hiyo saa ya kuzamia ambayo marehemu aliiga, Submariner. Rolex waliianza mwaka 1953, na ulimwengu uliiona mkononi mwa Sean Connery katika filamu ya Dr. No ya mwaka 1962. Lakini mwaka huo huo wa 1953 Blancpain nao walitoa Fifty Fathoms, iliyotumiwa na wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, na ukiziweka saa hizi mbili pamoja utaona undugu: uso mweusi, alama kubwa zinazong'aa gizani, pete inayozunguka pembezoni mwa kioo. Umbo hilo lililetwa na kazi. Mtu aliye chini ya maji, kwenye kiza, anataka kujua dakika ngapi zimepita tangu azame, na hana nafasi ya kuhesabu. Anaizungusha pete hadi alama ikutane na mshale wa dakika, kisha anasoma. Jembe lina mpini mrefu kwa sababu ya mgongo wa mkulima, na hakuna fundi aliyewahi kudai umbo la jembe ni lake peke yake.

Tena, kampuni kubwa zenyewe zimekuwa zikitamani yaliyopita. Longines walirudisha saa yao ya kuzamia ya zamani mwaka 2007. Tudor, ambayo ni ndugu wa Rolex, mwaka 2012 walitoa Black Bay iliyokusanya sura za saa zao za miaka ya 1950 na ya baadaye, na ndani ya zile za mwanzo iliwekwa ETA 2824, mashine ya kampuni nyingine. Seiko walirudia mwaka 2017 saa yao ya kuzamia ya mwaka 1965. Kama wenye viwanda wanaruhusiwa kuyakumbuka ya kale, fundi wa mezani naye anaruhusiwa.

Jina, hata hivyo, halikuletwa na kazi yoyote ya chini ya maji. Jina ni kauli: fulani ndiye aliyeitengeneza hii, naye anaijibia. Mafundi wa zamani walilijua hilo vizuri. Abraham-Louis Breguet, aliyefanya kazi Paris mwishoni mwa karne ya 18, aliigwa mno hata ikabidi atafute kinga. Kuanzia mwaka 1795 hivi alianza kuchonga saini ya siri kwenye nyuso za saa zake, ndogo mno, hafifu, ambayo huonekana tu ukiinamisha saa mwanga uipige kwa ubavu. Watu walikuwa wanamwibia kile ambacho kilikuwa na thamani kuliko dhahabu ya kasha, na yeye akalazimika kulificha jina lake mwenyewe ili lisomeke.

Mahakama nazo zimelipitia swali hili, na majibu yake yamenisaidia kupanga fikra. Nchini Marekani ipo kampuni ndogo ya Colorado iitwayo Vortic. Inachukua mashine na nyuso za saa za mfukoni za Kimarekani, zile za kale zilizotupwa makasha yao yalipoyeyushwa kwa ajili ya dhahabu na fedha, na kuziwekea kasha jipya ili zivaliwe mkononi. Baadhi ni za Hamilton, kampuni iliyozaliwa Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1892, ambayo sasa iko chini ya Swatch Group ya Uswisi. Jina la Hamilton linabaki likisomeka. Hamilton walishitaki. Mwaka 2020 walishindwa, wakakata rufaa, na Septemba 2021 wakashindwa tena. Sababu ni nyepesi kuieleza: Vortic walisema kila kitu. Waliandika jina lao kwenye kasha, wakaeleza kwamba mashine ni ya zamani na wao ndio walioitengeneza upya, na haikuonekana kwamba wanunuzi wangechanganyikiwa. Majaji walijiegemeza kwenye kesi ya mwaka 1947 iliyohusu plagi za magari, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali plagi kuukuu zilizosafishwa ziuzwe zikiwa na jina la mtengenezaji wa kwanza, mradi mnunuzi aambiwe bayana kwamba zimekarabatiwa.

Uswisi kwenyewe, Januari 2024, mahakama kuu ya shirikisho iliamua kesi kati ya Rolex na karakana moja ya Geneva inayobadilisha saa za wateja. Ilitofautisha mambo mawili. Mwenye saa akiipeleka yake mwenyewe ibadilishwe kwa matumizi yake binafsi, hilo halikatazwi. Karakana ikinunua saa, ikazibadilisha na kuziuza zikiwa na nembo ya Rolex bila idhini, hapo ni kosa.

Kwetu sheria nazo zipo. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake maalumu. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoonekana ikikamata makontena. Lakini sheria hizi zinamlenga mfanyabiashara. Meza ya mtu nyumbani kwake, usiku, chini ya taa, haina mkaguzi. Hapo aliyebaki ni mwenye mkono peke yake.

Najua jibu la wenzangu, maana nimelisikia mara nyingi, na limetolewa na watu ninaowaheshimu. Wanasema: mimi siuzi. Naiunda kwa raha yangu, naivaa mwenyewe, najua ni nini, simdanganyi mtu. Wengine huenda mbali zaidi. Wanaiga saa ya miaka ya 1960 hadi fonti ya maandishi, hadi kina cha mchongo wa namba kwenye ubavu wa kasha, na wanasema bila jina sanaa haijakamilika, sawa na mchoraji aliyenakili picha nzima akaacha pua.

Nawaelewa. Kunakili ni shule, na ninayo heshima kwa mkono unaoweza kufika huko. Lakini wanasahau sifa moja ya kitu wanachokiunda: saa ya mashine huishi kuliko aliyeivaa. Ndiyo fahari yake, ndiyo sababu tuliiacha ya betri. Ikisafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa itatembea mkononi mwa mwanao, na mkononi mwa mjukuu. Basi "najua mwenyewe ni nini" ni maarifa yenye umri wako tu. Ukifa yanakufa. Saa inabaki na maneno yake usoni, na atakayeyasoma ni mjane, au mtoto mwenye shida ya ada, au mnunuzi wa mbali aliyeuza shamba. Mama wa Kariakoo alidanganywa na mume aliyempenda, ambaye hakukusudia hata siku moja kumdanganya.

Hili linazihusu pia saa zinazozeeshwa. Upo ufundi mzima wa kuifanya saa mpya ionekane imeishi: kuchanganya rangi ya kung'aa na unga wa kahawia ili alama zifanane na zile za miaka ya 1960 zilizopakwa tritiamu, rangi iliyokuwa iking'aa yenyewe, ambazo sasa zimegeuka manjano, kusugua pete nyeusi hadi ififie iwe kijivu, kulainisha kingo za kasha. Mimi mwenyewe nimezeesha saa mbili na sioni haya. Rangi ya kahawa ni rangi tu. Ila nimeandika ndani ya mfuniko kwamba imezeeshwa na mwaka niliofanya hivyo.

Na hapa nitoe tahadhari isiyohusu heshima bali uhai. Ukipata saa ya kale kweli, ya kabla ya miaka ya 1960, ambayo alama zake zilikuwa zinang'aa zenyewe, usiikwangue. Nyingi zilipakwa radiamu, elementi yenye mionzi iliyogunduliwa na akina Curie, na radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Mng'ao hufa kwa sababu kemikali inayoshirikiana nayo imechoka, lakini sumu bado ipo. Wasichana waliokuwa wakipaka nyuso za saa huko Orange, New Jersey, kuanzia mwaka 1917, walielekezwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi walioza taya na kufa. Ukiikwangua rangi hiyo mezani unavuta vumbi lile lile. Tritiamu iliyokuja baadaye hupungua nusu kwa miaka 12 na kidogo, na tangu miaka ya 1990 saa nyingi hutumia rangi isiyo na mionzi kabisa. Kama hujui ni ipi, ifunge saa, usiiguse, muulize anayejua.

Fundi wangu ana umri wa kutosha kukumbuka jinsi betri ilivyobadili meza yake. Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi Desemba 25, 1969, na katika muda wa miaka 15 ajira katika saa za Uswisi zilishuka kutoka watu 90,000 hivi hadi kama 30,000. Kwetu mawimbi yalifika kwa njia nyingine. Fundi saa aliyekuwa akisawazisha springi nyembamba kama unywele akawa mbadilisha betri na mkata mikanda. Vijana waliacha kujifunza, kwa sababu kubadilisha betri hakuhitaji miaka mitatu ya kukaa chini ya mtu. Kwa hiyo ninapoona kijana wa chuo ameagiza NH35 na anauliza jinsi ya kuondoa kijiti bila kuharibu mashine, nafurahi kweli. Nataka aende Kariakoo, aende Darajani kule Zanzibar, aende River Road ya Nairobi, akae kwenye benchi, aseme shikamoo. Wazee hawa wana vidole vinavyojua mambo ambayo hayajaandikwa, nao vijana wana viungo na vipimo ambavyo wazee hawakuwahi kuvipata. Nimeona mzee wangu akishika mashine mpya ya Kijapani kwa mara ya kwanza na kutabasamu kama amekutana na mjukuu.

Swali linalofuata ni la haki: kama hatuandiki jina la mwenzetu, tuandike nini?

Mimi nimechagua kuandika saa zetu. Mtoto wa Kiswahili hujifunza mapema kuusoma uso wa saa kwa kuvuka ng'ambo ya duara. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, yeye husema saa moja. Ukiwa kwenye 10, ni saa nne. Tunafanya hivyo bila kufikiri, kwa sababu siku yetu inaanza jua likichomoza na usiku wetu unaanza likizama, na saa za kiwandani zinahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Nikachukua bamba tupu la shaba la milimita 28.5, nikalipaka nyeusi tabaka tatu, na kwa karatasi ya kuhamishia maandishi nikaweka namba: 6 juu kabisa, 7 inayofuata, 12 chini, na 1 mahali ambapo kiwanda huweka 7. Mashine haikuguswa. Mishale inatembea kama ulimwengu wote unavyotembea, na mgeni akitazama nafasi ya mshale anaipata saa yake. Mimi nikisoma namba napata yangu. Adhuhuri mishale yote miwili inasimama juu penye 6, na ni saa sita. Tarehe inaruka saa sita usiku, pale pale juu. Jua linapozama mshale mfupi uko chini kabisa, umeelekea 12, karibu na mahali penyewe.

Kwa umbo, ni saa ya kuzamia ya miaka ya 1960 na kila ajuaye atauona ukoo wake. Usoni hakuna jina la mtu. Nyuma nimechonga kwa sindano: mashine ya Japani, kasha la China, uso na kazi ya Dar es Salaam, pamoja na mwaka. Herufi hazikunyooka sana. Zinasomeka.

Ndugu yangu unayeunda saa, nakuomba mambo mawili, na hayatakugharimu zaidi ya jioni moja. Kama iliyo mezani kwako ina jina la kampuni ambayo haikuiunda, toa uso huo uweke mtupu, hata kama wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Kisha, kabla hujafunga mfuniko, andika ndani yake ulichoweka na wewe ni nani. Kama tayari unazo kadhaa ndani ya droo, mwite mwenzio au mwanao leo umwonyeshe, moja baada ya nyingine, umwambie kila moja ni nini.

Mama yule alirudi wiki mbili baadaye kuchukua saa yake. Hakuiuza. Fundi alikuwa ameondoa uso wenye taji na kuweka mweusi usio na maandishi, akakataa malipo. Ada ilichangwa na ndugu. Mwanawe mkubwa, aliye kidato cha tatu, ndiye anayeivaa sasa, na nyuma ya saa limechongwa jina la baba yake.